Ndeke ya vita ya zamani, tiketi dola 150: wasomaji wanauliza, tunajibu

Mwezi hii barua karibu zote ziko juu ya ndeke. Kuko video inazunguka kwenye WhatsApp za Lubumbashi, muzee mumoja wa kizungu anaingizwa ndani ya ndeke ya vita ya miaka ya 1940, anafungwa mikaba, elisi inazunguka, moshi mweupe pwaa, kisha wanaruka na muzee anacheka kama mutoto, amelipa ili apande. Toka siku hiyo kila mutu anataka kujua kama na hapa inawezekana. Tumechagua barua 5, zingine tumezikata kidogo ju zilikuwa ndefu kuliko jibu.

Jambo yaya. Baba yangu mudogo anafanya biashara na Afrika ya Kusini, kule amepata mutu anauzisha ndeke ya zamani ya jeshi, Harvard, viti 2, anataka kuileta Luano, kiwanja ya ndeke ya hapa Lubumbashi, apandishe batu kwa franga. Dakika 20, banazunguka juu ya mji, banaona shimine na teri ya Gécamines, banashuka. Bei dola 150. Amesha anza kupokea avansi kwa batu ya kanisa, mi njo naandika majina kwenye kaye. Anasema ndeke ni yake, franga ni yake, nani atamukataza? Hii kazi inawezekana ao tutafungwa? — Kijana wa Katuba

Mudogo wangu, mbele ya yote funga ile kaye na murudishie batu avansi yao, ju mwandiko ulio pale ni wako, si wa baba mudogo. Sasa tuongee ndeke.

Baba yako mudogo anachanganya vitu 2. Kuwa na ndeke ni haki yake, hata ya vita, kuko matajiri wengi Ulaya na Marekani wenye Spitfire ao Mustang ndani ya angari yao na hakuna mwenye kuwasumbua. Kuuzisha kiti ndani ya ile ndeke ni jambo lingine kabisa. We ukichukua jirani ndani ya motokari yako mukaenda matanga Likasi hakuna atakuuliza kitu, lakini siku unasimama pa kituo unaita "Likasi, Likasi, nafasi mbili!" we umeshakuwa taksi, na taksi iko na papye yake, asiranse yake na kontrole yake. Kwa ndeke ni vile vile, ila sheria inakaza zaidi ju abiria hawezi kusema "shusha hapa".

Tena ndeke ya vita iko na shida yake ya pekee. Ndeke ya raia, mbele iuzwe, kiwanda kinapaswa kuonyesha serikali vipimo vyote: bawa linavumilia uzito gani, motere moja ikikufa itafanya nini, moto ukiwaka watu watatokea wapi. Ya jeshi haikupita njia ile. Jeshi liliiomba, jeshi liliipima, na jeshi lilikubali hatari kwa ajili ya maaskari wake wenye umri wa miaka 20. Vita ilipoisha zikauzwa bei ya chuma kwa raia, na serikali zikabaki zinajiuliza zitaziweka fungu gani. Marekani waliziwekea fungu la cheti chenye mipaka, na sheria yao (kipengele 91.315) inasema wazi kwamba ndeke ya fungu hilo haibebi mutu wala muzigo kwa malipo. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, FAA, ambayo njo mamlaka yao ya ndeke, ikaanza kutoa ruhusa ya pekee: mwenye ndeke ya historia anaomba, anakubaliwa kupandisha watu wa kawaida walipie, ju bila ile franga ndeke nyingi za vita zingeshaoza. Lakini ruhusa inakuja na masharti, piloti mwenye masaa ya kutosha, matengenezo yenye kuandikwa, na abiria anaambiwa mbele ya kupanda kwamba hii chombo haiko sawa na ndeke ya kampuni. Uingereza nao wako na utaratibu wao, CAA, mamlaka yao ya ndeke, inataka abiria aelezwe hatari, aelewe, kisha atie sahihi kwamba amekubali kupanda kitu ambacho hakikufikia kipimo cha ndeke za abiria.

Kwa Harvard kuna afadhali kidogo, hapo nitamupa baba mudogo haki. Ni ndeke ya mazoezi, Wamarekani waliiita T-6, zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na kule kwao baadhi yake ziko na cheti cha kawaida cha raia, njo maana utaona T-6 zinapandisha watalii pale bila kuomba ruhusa ile ya pekee, mradi zinaanza na kumalizia kwenye kiwanja kimoja na hazitoki nje ya maili 25. Jeshi la anga la Afrika ya Kusini lilifundisha mapiloti na Harvard mpaka 1995, kwa hiyo mafundi na vipuri kule viko. Ila cheti hakifuati jina la aina peke yake, kinafuata ndeke yenyewe, namba yake, historia yake, nani aliifungua motere mara ya mwisho na aliandika nini. Harvard 2 zinaweza kusimama bega kwa bega, moja inaruhusiwa kuchukua abiria, ingine hapana. Swali la kwanza kwa muuzaji si bei, ni: nionyeshe cheti na vitabu vya matengenezo, vyote, tangu ilipotoka jeshini.

Na ikifika huku? Usafiri wa anga wa raia kwetu unasimamiwa na AAC, mamlaka ya ndeke ya serikali, chini ya sheria namba 10/014 ya 31/12/2010. Ile ndeke itahitaji matrikile ya Congo yenye kuanza na 9Q, cheti cha kuruka, piloti mwenye lisansi inayotambulika, asiranse, na zaidi ya hapo, ju anapokea franga kwa watu wa kawaida, cheti cha msafirishaji sawa kampuni. RVA, wenye kusimamia viwanja, nao watataka haki yao. Na usisahau kwamba ni ndeke yenye sura ya vita, watu wa sekirite watakuwa na maswali mengi mbele ya kuiacha izunguke chini chini juu ya Lubumbashi. Kampuni za ndeke za Congo ziko kwenye orodha ya kukatazwa Ulaya tangu 2006, mi ningekuwa mukubwa pale AAC nisingependa kabisa jina langu likae kwenye karatasi ya kuruhusu mutu mumoja na chombo cha miaka 80 apandishe waumini.

Tuache sheria, tupige hesabu. Harvard inabeba abiria 1. Si 10, ni 1. Motere yake ni ile ya duara, silinda 9, nguvu ya farasi 600, inakunywa zaidi ya lita 100 kwa saa, na hainywi kerozeni ya ndeke kubwa zinazotua Luano, inataka esansi ya ndeke, ile ambayo Afrika ni ngumu kupata na mara nyingi inatembea ndani ya mapipa. Tuseme lita inamufikia dola 3. Kupasha motere, kutembea mpaka pisti, kuruka dakika 20, kurudi: weka lita 60. Dola 180 zimeshaenda na hujalipa mafuta ya motere, piloti, kiwanja, mekanisye, asiranse wala tairi. Abiria amelipa 150. Yani kila mutu akipanda, baba mudogo anamuongezea dola 30 na zaidi. Watu wa kanisa wangefurahi sana.

Na hali ya hewa yetu. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, mwezi wa kumi mbele ya mvua jua linapiga, hewa inakuwa nyepesi, motere ya zamani inapoteza nguvu na bawa halishiki vizuri, ndeke inatumia pisti ndefu na inapanda polepole. Pisti ya Luano ni ndefu, zaidi ya kilometa 3, hapo hakuna neno. Lakini baada ya pisti kuko nini? Manyumba. Motere ni 1 tu. Tena Harvard iko na gurudumu dogo nyuma, kwenye mkia, na mapiloti wote wanajua tabia yake: wakati wa kutua ukilegeza miguu kidogo tu inageuka yenyewe, mkia unataka kwenda mbele.

Kama baba yako mudogo anapenda ndeke kweli na si tu dola, ailete kwa barabara, mabawa yakiwa yametolewa, aiweke mahali safi, awashe motere mara moja moja watu wasikie ile sauti, watoto waingie ndani wakae kwenye kiti cha piloti wapigwe foto dola 5. Papye zinabaki, za duane na za sekirite, lakini hakuna mutu hewani.

Bonjour mwandishi, mi ni mekanisye wa magari, Kampemba. Kwa nini kuhangaika na serikali? Si unasema tu abiria "amechangia esansi", ao ni "mwanachama", ao unasema anafundishwa kuendesha. Hakuna tiketi, hakuna kesi.

Fundi, akili yako ni ya Lubumbashi kweli, lakini wenzako walishajaribu zote 3, na moja ilifika mpaka kwa majaji.

Mchango wa esansi: Marekani piloti wa binafsi anaruhusiwa kugawana gharama na wenzake, ila analipa na yeye fungu lake sawa na wao, na ni gharama za safari ile tu, mafuta, kiwanja, kukodi. Ukianza kupiga reklame kwa watu usiowajua, hapo hawakuiti tena rafiki.

Masomo: hii iko na hadithi nzuri. Kampuni moja ya Florida ilikuwa na P-40, ile ndeke ya vita yenye watu kupenda kuichora meno ya papa puani, ikawa inalipisha watu "masomo" ndani yake. FAA ikasema hapana, ndeke ya fungu la mipaka hata kufundisha kwa malipo ni kubeba mutu kwa malipo, wacheni. Kampuni ikaenda mahakama, na 2021 majaji wakaipa FAA haki. Sasa angalia matokeo: walimu wote wenye kufundisha kwenye ndeke za aina ile, hata wale wa kweli, wakajikuta wanahitaji barua ya ruhusa. Watu wakapiga kelele mpaka mwisho wa 2022 bunge lao likabadilisha sheria, masomo yakatengwa na kubeba abiria. Lakini masomo ni masomo. Kama mwanafunzi wako ni bibi wa miaka 70 anapiga selfi kwenye kiti cha nyuma na hajagusa mti wa kuongozea hata mara moja, hakuna jaji atakuamini.

Uanachama, hiyo inafanya kazi, ikiwa ya kweli. Kule Hamilton, Kanada, kuko makumbusho yenye Lancaster, bombardie ya motere 4 ya Waingereza. Zimebaki 2 tu duniani zenye kuruka. Ile ya Uingereza iko mikononi mwa jeshi la anga na haichukui watalii, ile ya Kanada wanachama wa makumbusho wanaweza kupanda kwa kulipa, na si franga kidogo. Lakini pale nyuma kuko makumbusho nzima, mafundi, vitabu, serikali inajua kila kitu. Si kikundi cha WhatsApp.

Niko mwanafunzi UNILU. Nilisikia kwamba bombardie ya Wamarekani ilianguka na watalii na toka pale sheria zikakaza. Ilikuwaje hasa? Piloti alikosea ao ndeke ilikuwa imechoka?

Vyote 2, na ni vizuri kuielewa pole pole ju watu wanapenda kusema "ilizeeka" kisha wanafunga mazungumzo.

Ni 2/10/2019, kiwanja cha Bradley, jimbo la Connecticut. Ndeke ni B-17 yenye jina Nine-O-Nine, ya shirika Collings Foundation, imeshafikisha miaka 74. Ndani kuko watu 13: mapiloti 2, mufanyakazi 1 na abiria 10 waliolipa karibu dola 450 kila mutu. Shirika lilikuwa na ile ruhusa ya pekee ya FAA, kila kitu halali kwenye karatasi. Wanaruka asubuhi, kabla ya saa nne, na muda kidogo tu piloti anaambia mnara kwamba anataka kurudi, motere namba 4 inasumbua.

Sasa we mwanafunzi shika hapa. Motere ya aina hii kila silinda iko na buji 2, na moto wa buji unatoka kwa manyeto 2, moja ikikufa ingine inabeba kazi. Waliokagua mabaki walikuta kwenye motere namba 4 waya wa manyeto ya kushoto umeachia mahali pake, mutu ameufunga na kawaya ka chuma ili usitoke, na kale kawaya njo kaligusa chuma ya manyeto na kuizima. Imebaki manyeto ya kulia. Hiyo nayo, nafasi ya pointi zake ilikuwa chini ya nusu ya kipimo kinachotakiwa, walipoipima ikatoa moto dhaifu ao hakuna moto kabisa kwa silinda 4 kati ya 9. Motere namba 3, jirani yake upande ule ule wa kulia, buji zake zote zilikuwa nje ya kipimo. Na kitabu cha matengenezo kinaonyesha kwamba ndeke ilikaguliwa 23/9, siku 9 tu mbele ya ajali.

Nani alikuwa mukubwa wa matengenezo wa shirika? Ni piloti yule yule. Hapa njo mi huwa nasimama kila nikisoma habari hii. Mutu mumoja anaendesha, mutu mumoja anasimamia ufundi, nani atamwambia "leo haturuki"?

Hata hivyo ndeke ingeweza kufika. Piloti alizima motere namba 4, upande wa kulia ukawa mzito, akateremsha magurudumu mapema wakati bado yuko mbali na pisti, na magurudumu yakiwa chini yanavuta hewa, mwendo ukapungua, urefu ukapungua. Wakagonga taa za mbele ya pisti, wakagusa chini kabla ya pisti, ndeke ikakimbia kulia ikagonga tanki za dawa ya kuyeyusha barafu, ikawaka. Wakafa 7, mapiloti wote 2 na abiria 5. Machi 2020 FAA ikanyanganya shirika ruhusa yake. Wachunguzi wa NTSB, ofisi ya Marekani ya kuchunguza ajali, walipotoa ripoti 2021 walimuweka piloti mbele, kushindwa kusimamia mwendo na magurudumu baada ya motere kuzimwa, kisha matengenezo mabaya, na FAA yenyewe wakaisema ju ya usimamizi wake mulegevu.

Usifikiri ni Marekani tu. Tarehe 4/8/2018, Uswisi, Junkers Ju 52 ya kampuni Ju-Air, iliyotengenezwa 1939 kwa jeshi la anga la Uswisi, ilianguka karibu na mulima Piz Segnas, wakafa wote 20. Pale motere haikuwa chanzo. Mapiloti, wote wa zamani wa jeshi, waliingia ndani ya bonde la milima wakiwa chini sana, bila njia ya kutokea, hewa ya milimani ikawashusha na uzito wa ndeke ulikuwa umepangwa vibaya nyuma. Wachunguzi wakakuta ile tabia ya kuruka chini haikuwa ya siku ile tu, ilikuwa mazoea ndani ya kampuni. Mutu wa jeshi amezoea hatari na anajiamini, lakini nyuma yake kuko mama na kamera yake.

Mwandishi, mi ni muzee wa Kamalondo. 1961 nilikuwa kijana, niliona kwa macho yangu ile Fouga ya Tshombe inapita juu ya mji, tukajitupa chini ya vitanda. Sasa mujukuu ananiambia kwamba kuko watu wanalipa kupanda hizo kwa kufurahia. Ni kweli?

Jambo papa. Ni kweli, na tunaelewa kama inakushangaza.

Fouga Magister ni ya Wafaransa, ya kufundishia mapiloti wa jeti, utaijua kwa mkia wake wa V. Katanga, iliyokuwa imejitenga na Congo chini ya Tshombe, ilizipata 3 mwaka 1961, na wakati wa mapigano ya mwezi wa tisa ni 1 tu iliyokuwa inaruka, ikitokea upande wa Kolwezi. Ile 1 iliwasumbua maaskari wa ONU (Umoja wa Mataifa) kupita kiasi, kule Jadotville, Likasi ya leo, ilipiga kambi ya Waairlandi, na ONU hawakuwa na ndeke ya kuijibu. Njo wakaleta jeti za Uswidi, J 29, zile nene sawa pipa, pamoja na za Ethiopia na India, wakazikalisha Kamina na kwingine. Leo Fouga ziko mikononi mwa watu binafsi, Ufaransa na Marekani wanaziendesha. Iko na viti 2 kwa hiyo mutu wa pili anapata nafasi, lakini papa, haina kiti cha kurusha piloti nje. Mambo yakiharibika unafungua kioo, unatoka na parashuti mgongoni kwa nguvu zako mwenyewe. Ya Uswidi, J 29, bado kuko 1 yenye kuruka kwao kwenye maonyesho, kiti ni 1 tu, hauwezi kununua nafasi.

Hata ile Harvard ya kijana wa Katuba si mgeni hapa. Wabelgiji walikuwa na shule ya mapiloti Kamina mbele ya uhuru, wakifundishia na Harvard hizo hizo.

Jeti za zamani mi naziogopa kuliko zenye elisi, niseme wazi. Afrika ya Kusini kulikuwa na kampuni Cape Town yenye jeti za vita za Waingereza, watalii kutoka dunia nzima walikuja kulipa. 14/11/2009, kwenye maonyesho ya Overberg, Lightning yake moja iliharibika hewani, idroliki zikakufa, piloti akajaribu kujirusha ikashindikana, akafa peke yake. Kwenye jeti ile kiti cha kujirusha ni baruti, na baruti iko na tarehe ya kuisha.

Papa, ile habari ya 1961, vitanda na yote, tafazali muelezee mujukuu akuandikie. Tutaipa nafasi yake pekee.

Shikamoo mwandishi. Mutoto wangu anaishi London, anatimiza miaka 40, wenzake wa kazi wanachanga bamununulie zawadi ya kupanda Spitfire. Nimesoma kwamba ni ndeke ya vita. Nimukataze? — Mama wa komini Kenya, Lubumbashi

Marahaba mama. Usimukataze, muulizishe tu.

Spitfire za kupandisha watu ni zile zilizogeuzwa kuwa na viti 2, zinaruka kutoka viwanja kama Goodwood na Biggin Hill, na bei ya nusu saa hivi inapita paundi 2,500, kwa hiyo wenzake wanamupenda kweli. Ziko chini ya ule utaratibu wa CAA niliyousema juu: watamueleza hatari, watamuonyesha namna ya kutoka na namna ya kuvuta parashuti, atatia sahihi. Asitie sahihi akicheka na wenzake, asome. Ile karatasi si ya kupoteza wakati, inasema kwa maneno wazi kwamba anapanda kitu chenye hatari zaidi ya ndeke iliyomuleta Uingereza, na kwamba uamuzi ni wake.

Aulize nani piloti na ameruka Spitfire masaa mangapi, si ndeke zote, Spitfire. Aulize nani anafanya matengenezo, na kama ni mutu tofauti na piloti. Aulize kama mvua ao upepo ukija watamurudishia franga ao watamupa siku ingine, ju kampuni nzuri haioni haya kusema "leo hapana" hata kama watu 6 wametoka mbali na keki yao. Kama wanamusukuma aende tu ju siku imelipiwa, arudi nyumbani. Kuna mipaka ya uzito na urefu wa mutu, na kama iko na shida ya moyo ao mgongo aseme mbele, asifiche. Na kama hapendi kuzungushwa kichwa chini miguu juu, aseme vilevile, piloti atapita pole pole na bado ataona mengi.

Tena mama, kitu kimoja ambacho vijana hawaangalii: asiranse yake ya maisha. Nyingi zinaweka pembeni ndeke zisizo za kampuni za kawaida, na mutu anagundua wakati familia inaenda kudai. Apigie simu asiranse yake wiki moja mbele, aseme tarehe na aina ya ndeke, aombe jibu kwa maandishi. Kama wanataka waongezewe kitu kidogo kwa siku ile, wenzake wa kazi wachange na hiyo.